Askari wa Mtoto Mchanga

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Askari alikuwa na kazi moja ambayo hakuna mtu mwingine nyumbani aliyeitaka. Alipiga magoti mbele ya tanuri la baba yake, akaingiza mkono hadi begani kwenye sehemu ya moto, akaanza kukomba majivu kwa ufagio. Baba yake alikuwa mwoka mikate. Tanuri liliwashwa mchana, mikate ikatoka alasiri, na ilipofika asubuhi majivu yalikuwa yamepoa kiasi cha kushikika. Askari aliyachunga kwa chekeche kuukuu la unga. Makaa na vipande vigumu alivitupa shimoni, na yale majivu laini akayatia katika kopo kubwa la siagi lililokaa chini ya dirisha la jikoni. Baba alichovya humo kitambaa kibichi akasugulia trei zake mpaka zikang'aa.

Jina lake halisi lilitajwa na mwalimu peke yake, wakati wa kuita mahudhurio. Hilo la Askari alilipata akiwa na miaka sita, mikate ilipoanza kupungua rafuni bila maelezo. Yeye alimshuku mleta kuni, kwa sababu alikuwa na mifuko mikubwa na hakupenda kuzungumza. Alijificha nyuma ya magunia ya unga siku tatu mfululizo, pua nyeupe, macho makavu kwa kukodoa. Siku ya tatu alimkamata mwizi akiwa na mkate chini ya mtandio: alikuwa Bibi, mama mzazi wa Baba, akimpelekea jirani mgonjwa. Baba alicheka mpaka akaketi chini. "Nyumba hii ina askari!" akasema, na jina likaganda. Kumwomba radhi mleta kuni, hilo halikumjia mtu akilini.

Sasa Askari alikuwa na miaka kumi na miwili, yuko darasa la sita, na wiki hii lindo lake lilikuwa zito kuliko mikate. Chumbani kwa mama yake kulikuwa na mtoto mchanga wa siku nne.

Mwaka uliotangulia walimpata mvulana. Aliishi siku saba. Hakuna aliyesema alikufa kwa ugonjwa gani, kwa kuwa hakuna aliyejua. Mama alizikunja zile nguo ndogo moja moja akaziweka chini kabisa ya sanduku, na tangu hapo habari yake ikawa haizungumzwi. Askari alimpenda yule mdogo wake. Alitaka kujua nani wa kulaumiwa, na watu wazima waliponyamaza, akaenda kulitafuta jibu kwa Redio.

Redio alikuwa rafiki yake wa darasani, msichana ambaye mdomo wake haukuwa na breki. Habari za mtaa zilipita kwake kwanza, zikatiwa chumvi, ndipo zikaendelea na safari.

"Wewe hesabu mwenyewe," Redio alimwambia walipokuwa wakitembea kwenda shule. "Pacha wa kwa fundi saa, Mama Daftari aliwatembelea, wakafa. Mtoto wa mwuza mkaa, akatembelewa, akafa. Mdogo wako naye?"

"Alikuja siku ya sita," Askari akasema polepole. "Kesho yake..."

"Haya! Mimi sisemi kitu. Nasema tu uhesabu."

Mama Daftari alikuwa mhudumu wa afya wa mtaa wao, mwanamke mrefu mwenye mwavuli na mkoba wa turubai. Aliingia kila nyumba yenye mama mjamzito au mtoto mchanga, akauliza maswali, akayaandika katika daftari lenye jalada gumu jeusi lililofungwa nailoni. Askari aliikumbuka vizuri ile siku ya sita. Alimwona akimning'iniza mdogo wake kwenye mizani kama nyama buchani. Kisha alimwona akiitazama saa yake ya mkononi, akikitazama kifua cha mtoto, huku midomo yake ikichezacheza bila sauti. Alikuwa akisema nini? Na kwa nini hakutaka kusikika? Swali hilo lilimkaa Askari kooni mwaka mzima.

Bibi pia hakumpenda Mama Daftari, ingawa kwa sababu zake. "Yule anaandika ili watu wa kituo cha afya watuseme," alikuwa akisema. "Nimelea watoto saba, leo nije nisomewe daftari!" Kwa hiyo alitoa amri. Mtu yeyote akiuliza habari za mtoto, jibu ni moja: mzima, analala.

Alasiri ya siku ile ya nne, hodi ilipigwa. Askari alifungua mlango nusu akajaza nafasi iliyobaki kwa mwili wake.

"Hujambo, mwanangu? Nimekuja kumwona mgeni wetu," akasema Mama Daftari.

"Analala."

"Na mama?"

"Analala."

"Na bibi je?"

"Naye analala."

Wakati huohuo sauti ya Bibi ikapaa kutoka uani: "Nani kaacha trei za moto njiani? Mnataka nivunjike mguu?"

Mama Daftari alimtazama Askari, akatabasamu upande mmoja wa mdomo. "Nyumba ya usingizi hii, watu wanaota kwa sauti." Akafunga mwavuli wake.

Bibi alimkaribisha kwa shingo upande. Alimketisha sebuleni, mbali na chumba cha Mama, akampa maji ya kunywa. Askari alisimama kando ya pazia, macho hayabanduki kwenye lile daftari.

"Mtoto hajambo kabisa," Bibi alisema. "Yaani mpole! Hata kulia halii. Utadhani hayupo."

Kalamu ya Mama Daftari ilisimama. "Mpole namna gani, mama?"

"Mpole. Analala tu."

"Leo amenyonya mara ngapi?"

"Nyingi tu. Nani anahesabu?"

"Na kitovu?"

"Kinakauka vizuri."

"Ninaomba nikione. Nitanawa mikono kwanza." Mama Daftari aliliweka daftari ndani ya mkoba, akauacha mkoba wazi juu ya kiti, akatoka uani kwenye pipa la maji. Bibi alimfuata unyounyo, akimweleza kwamba haitawezekana, mtoto ndiyo kwanza amelala, kesho, kesho bila shaka.

Sebuleni alibaki Askari na mkoba. Hakuwahi kuchukua kitu cha mtu maishani mwake. Lakini alijiambia kuwa huu si wizi. Ni kama kumnyang'anya mtu kisu. Bila daftari hakuna kuandika, na asipoandikwa, mdogo wake atapona. Alilitoa, akalipenyeza chini ya fulana, akaenda ghalani na kulisukuma katikati ya magunia matupu ya unga. Aliporudi, Mama Daftari alikuwa ameshatundika mkoba begani.

"Kesho asubuhi nitarudi," alisema, na safari hii hakutabasamu. "Nikija, mama, nitaomba nimwone kwa macho yangu."

Siku iliyofuata ilikuwa Jumamosi. Mama Daftari alirudi mapema kweli, lakini alikuja mbiombio, kilemba kimekaa upande.

"Samahani, sijaacha daftari langu hapa? Lina habari za mtaa mzima."

"Hapa hakuna," Bibi akasema, na kwa upande wake alikuwa akisema kweli.

Mama Daftari alimgeukia Askari. Alimtazama muda mrefu kidogo kuliko mtu anavyotazama mtoto wa watu. Askari akahisi masikio yanawaka moto.

"Na mtoto?"

"Mama yake anaoga," Bibi akajibu haraka.

Mama Daftari aliangalia saa, akaangalia barabara. "Ngoja nipite nyumba zote za jana, nilitafute. Nikilipata au nisilipate, alasiri nitakuwa hapa." Akaondoka karibu akikimbia.

Askari alishusha pumzi. Mpango wake ulikuwa umefanya kazi. Ajabu ni kwamba hakufurahi alivyotarajia.

Baada ya chakula cha mchana aliingia ghalani. Alitaka kuuona ukurasa wa mdogo wake, apate ushahidi wa kumwonyesha Redio. Alikaa juu ya gunia, akapangusa unga kwenye jalada, akafungua. Mwandiko ulikuwa mzuri, herufi zimesimama wima. Kila mtoto alikuwa na ukurasa wake, na mwishoni mwa kila ukurasa kulikuwa na alama: msalaba mdogo au neno "mzima".

Alitafuta misalaba kwanza. Aliwaona pacha wa fundi saa. *Wamezaliwa kabla ya wakati, wadogo mno. Nimeomba wapelekwe kituoni leo. Wamepelekwa siku ya tatu.* Kisha misalaba miwili. Akafunua tena, na tena, akitegemea misalaba itajaa. Haikujaa. Mzima. Mzima. Mzima. Alihesabu watoto wazima hamsini na sita, akaacha kuhesabu. Ukurasa mmoja ulimfanya arudi nyuma asome mara ya pili, maana ulikuwa wa mdogo wake Redio, yule mtundu anayepanda uzio wa shule. *Siku ya 3. Mwili baridi, ananyonya kwa shida. Amepelekwa kituoni saa ileile. Amerudi siku ya 9. Mzima.*

Habari hiyo Redio hakuwahi kuitangaza.

Ukurasa wa mdogo wake aliupata katikati. *Siku ya 6. Familia inasema mtoto ni mpole, analala sana. Pumzi 68 kwa dakika, ni nyingi mno. Bibi amekataa kunionyesha kitovu. Nimewasihi waende kituoni leo. Wamesema kesho.* Chini yake, kwa kalamu nyingine: *Siku ya 7. Amefariki. Sababu sikuijua. Kama ningekiona kitovu, labda ningejua.*

Basi midomo ile iliyokuwa ikicheza ilikuwa inahesabu pumzi! Mwaka mzima alimshuku mtu kwa kuhesabu. Askari aliona aibu, lakini hakupata nafasi ya kuiwaza, kwa sababu ndani ya jalada la mbele jicho lake lilinasa maneno yaliyopigiwa mstari mara mbili. Mama Daftari alikuwa amejiandikia kwamba mtoto mchanga anayeacha kunyonya, au anayelala mpaka haamshiki, au anayekuwa wa moto au wa baridi, au anayepumua zaidi ya mara sitini kwa dakika, au ambaye kitovu chake kina wekundu, usaha au harufu, huyo hangojewi. *Mtoto mpole ghafla, ogopa,* aliandika mwishoni.

Askari hakukumbuka alivyotoka ghalani.

Chumba cha Mama kilikuwa na joto na mwanga hafifu. Mama alikuwa ameketi kitandani, titi nje, anamgusagusa mtoto shavuni.

"Mama, amenyonya?"

"Tangu alfajiri hataki kushika." Mama alijaribu kutabasamu. "Bibi yako anasema ni mpole."

"Na yule mwingine alikuwa mpole?"

Mama alinyanyua uso. Lilikuwa swali ambalo hakuna aliyemwuliza tangu mwaka jana. "Ndiyo," alisema kwa sauti ndogo. "Sana."

Askari aliushika mguu wa mtoto. Ulikuwa baridi, katika chumba ambamo yeye mwenyewe alikuwa akitoka jasho. Aliitazama saa ya ukutani, akakitazama kifua kidogo kikipanda na kushuka, na midomo yake ikaanza kucheza bila sauti. Sabini na mbili. Alirudia. Sabini na mbili.

Mlango ukafunguliwa. Bibi aliingia akiwa na kopo la siagi mkononi.

Askari alilijua kopo lile kwa kila mbonyeo. Asubuhi hiyohiyo alilijaza. Alimtazama Bibi akifungua nguo za mtoto, akichovya vidole viwili ndani ya majivu.

"Bibi! Unafanya nini?"

"Namkausha kitovu. Usinipigie kelele, utamwamsha."

"Kwa majivu ya trei?"

"Majivu ya tanuri letu," Bibi alisema kwa fahari. "Yamepita motoni. Uchafu gani unaopona moto ule? Hata sindano huchomwa moto ikawa safi. Wanangu wote nimewakausha hivi, na yule wa mwaka jana pia."

Yule wa mwaka jana pia. Askari alinyoosha mkono akalichukua kopo, kitu ambacho siku nyingine kingemletea kofi, akalipeleka dirishani.

"Njoo uone, Bibi. Tafadhali."

Bibi alisogea, midomo imebana. Juu ya majivu yale laini kulikuwa na nyuzi za kitambaa cha kusugulia, chembe za mafuta meusi, na pembeni, vinyesi vitatu vya panya.

"Yametoka motoni safi," Askari alisema, machozi yakimdondoka. "Halafu mimi nayafagia kwa ufagio uleule wa sakafu. Yanakaa hapa wazi. Baba anachovya kitambaa. Panya wanapita juu yake. Mimi ndiye ninayelijaza kopo hili, Bibi. Mimi!"

Mama alikuwa ameinamia tumbo la mtoto, akipangusa majivu ya jana kwa kitambaa safi. Chini yake ngozi ilikuwa nyekundu, imevimba, na harufu mbaya ikatoka.

"Tunakwenda kituoni," Mama akasema.

"Ngoja kwanza, mwanangu," Bibi akaanza, sauti imepungua nguvu. "Mikate ndiyo kwanza imeingia. Itoke, mumeo awapeleke, msiende peke yenu na..."

"Mama, mwaka jana tulingoja kesho."

Sauti ya Mama haikuwa kubwa. Lakini Askari alimwona Bibi akikaa kitandani ghafla, mikono yenye majivu imelala mapajani.

"Mama," Askari akasema, maana sasa au kamwe, "daftari la Mama Daftari nililiiba mimi. Ndiyo maana asubuhi hakukaa. Nilidhani yeye ndiye anayeua watoto."

Mama alifumba macho kidogo, akayafumbua. "Tutalizungumza. Kimbia ukamwite."

Askari alipitia ghalani, akalichukua daftari, akakimbia. Alimkuta nyumba ya kumi na tano hivi, mlangoni kwa akina Redio, akiuliza kama kuna aliyeona daftari jeusi. Askari alimkabidhi mbele ya Redio na mama yake, likiwa limejaa unga.

"Niliiba," alisema akihema. "Nisamehe. Mdogo wangu hanyonyi, miguu yake baridi, na pumzi ni sabini na mbili."

Redio alibaki mdomo wazi, kwa mara ya kwanza bila habari ya kuongeza. Mama Daftari hakuligusa hata jalada kulipangusa.

"Ulihesabu dakika nzima?"

"Mara mbili."

"Twende."

Walipofika, Baba alikuwa amesimama mbele ya tanuri, koleo lake refu mkononi. Ndani mlikuwa na mikate ya siku nzima, ingali myeupe. Alimtazama mkewe akitoka na mtoto, akaliegemeza koleo ukutani, akavua aproni. "Iungue," alisema tu.

Nje ya lango mleta kuni alikuwa akishusha mzigo kutoka kwenye gari lake dogo la kubebea kuni. Hakuuliza maswali mengi, kama kawaida yake. Alisukuma kuni zilizobaki pembeni, akatandika gunia safi nyuma kwa ajili ya Askari na Baba, akamkaribisha Mama na Mama Daftari mbele.

"Mfungue khanga, umweke mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi," Mama Daftari alimwelekeza Mama. "Mfunike kichwa. Mwili wako ndio utakaomtia joto mpaka tufike. Na maziwa umkamulie mdomoni kidogo kidogo, akiweza kumeza."

Askari, akiwa ameketi nyuma juu ya gunia, alitazama kisogo cha mleta kuni njia nzima. Aliona aibu mara ya pili siku hiyo.

Kituoni muuguzi hakupoteza muda. Alimpima mtoto, akamwangalia kitovu, akaita mwenzake, na kabla Baba hajamaliza kueleza, sindano ya kwanza ilikuwa imeshadungwa. "Uchafu umeingia kwenye damu kupitia kitovu," muuguzi aliwaambia baadaye. "Mtoto wa siku tano hana nguvu ya kupigana na vijidudu muda mrefu. Mngengoja kesho, ningekuwa nazungumza nanyi maneno mengine." Kisha akamgeukia Mama, si kwa ukali. "Ulijifungulia hapa. Tulikwambia urudi siku ya tatu tumwone. Kwa nini hukurudi?"

"Niliambiwa ni mzima, analala," Mama akajibu. "Na mimi nikataka kuamini."

Jioni ile mtaa mzima ulinuka mkate ulioungua.

Siku nne za kwanza zilikuwa ngumu. Mama alibaki kituoni na mtoto kifuani. Askari alikomba majivu kila asubuhi, yote akayatupa shimoni, hayakuachwa hata ya kusugulia trei. Kila aliposikia hatua njiani aliacha ufagio, akasikiliza kama zinaleta habari mbaya. Hakuweza kula vizuri. Alimwambia Baba kwamba kama mtoto atakufa, ni yeye aliyemuua, na yule wa mwaka jana pia.

Baba alimvuta karibu, mikono yake ikamwachia unga mabegani. "Wewe ulijaza kopo la kusugulia trei. Dawa hukujaza. Aliyegeuza majivu kuwa dawa ni sisi wakubwa, tulioona aibu kuuliza."

Siku ya nane tangu waende kituoni, gari la kuni lilisimama mlangoni. Kabla hata Mama hajashuka, sauti ilisikika kutoka ndani ya shuka, kali, yenye hasira, kama mlango usiotiwa mafuta. Mtoto alikuwa anataka titi, na alitaka sasa hivi. Askari hakwenda kwake kwanza. Alizunguka upande wa dereva.

"Mjomba, zamani nilikushuku umeiba mikate," alisema. "Ulikuwa hujaiba."

Mleta kuni alifikiri. "Najua. Nilikuwa naiona pua yako nyuma ya magunia," akajibu, akawasha gari.

Mama Daftari alikuja alasiri hiyo. Safari hii Askari alifungua mlango wote. Alimpa sabuni na maji, akamshikia taulo, na Mama mwenyewe akamfunulia mtoto. Kitovu kilikuwa kimekauka, safi, hakina kitu juu yake. Mama Daftari alihesabu pumzi. "Arobaini na nne," alisema kwa sauti, akimtazama Askari makusudi. Kisha akaandika.

Bibi alikuwa ameketi kwenye kigoda kando ya dirisha. Tangu siku ile alizungumza kidogo sana.

"Mwanangu," alimwambia Mama Daftari, "hebu rudi nyuma kwenye daftari lako. Ukurasa wa mjukuu wangu wa mwaka jana."

Mama Daftari alimtazama, akafunua taratibu.

"Pale ulipoandika sababu hukuijua, Askari ameniambia." Bibi alilionyesha daftari kwa kidole. "Andika. Nilimpaka majivu. Kitovu kilikuwa kinanuka nami nilikiona. Nilikuficha. Niliogopa mtaniambia nimemuua, na kweli nimemuua mjukuu wangu."

Mama alianza kulia bila sauti. Alinyanyuka na mtoto, akaenda kuketi sakafuni karibu na mkwe wake, akaegemeza bega kwenye goti lake. Mama Daftari aliinama akaandika, mstari baada ya mstari.

"Nimeandika," Mama Daftari akasema. "Asante, mama. Wiki ijayo nina wajawazito wanne wa kuwatembelea. Ungekuja nami? Mimi wananiita mwandishi wa mabaya. Wewe watakusikia."

Bibi alijifuta macho kwa ncha ya mtandio, akatikisa kichwa kukubali.

Mama Daftari alimwita Askari karibu. "Na wewe nina neno nawe. Kuchukua daftari langu kulikuwa kosa, na siku ile nusura ligharimu roho ya mtu."

"Ndiyo," Askari akasema, macho chini.

"Lakini kushuku si kosa. Mimi pia nilishuku niliposikia mtoto ni mpole. Ila ukishuku, uliza, chunguza, utazame kwa macho yako. Wewe ulilinda mlango usiku na mchana, mgeni asipite, na hatari ilikuwa ndani, kwenye kopo, mnaificha kwa maneno mawili: mzima, analala. Siku uliyoacha kuutazama mlango ukamtazama mtoto mwenyewe, ukasema kweli hata iliyokuaibisha, ndiyo siku uliyomwokoa. Kitovu cha mtoto kiachwe kikavu na safi, kisipakwe chochote ambacho kituo hakikutoa. Mnawe mikono. Na mtoto akibadilika, msifiche, wala msiseme kesho."

Kana kwamba amesikia anazungumzwa, mtoto alipasua kilio kilichofika hadi tanurini. Baba alichungulia na koleo lake. Mbwa wa jirani akabweka.

"Huyu sasa si mpole hata kidogo," Bibi akasema, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile akacheka.

Mtoto aliendelea kulia kwa nguvu zake zote, na katika nyumba nzima hakuna aliyemwambia anyamaze.